Mchezaji wa Linux Anunue Wapi: Valve, GOG, Epic na Kampuni Zilizofunga Mlango

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10, na tangu wakati huo kuna swali moja linalorudiwa sana na vijana wenye kompyuta mpakato za mtumba, zile zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi baada ya kumaliza muda wake katika ofisi za Ulaya: nikiweka Linux, mfumo huria unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, gemu zangu zitakubali? Nyingi ya mashine hizo zina prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo kwa sehemu kubwa haziko katika orodha rasmi ya Windows 11, ingawa mashine zenyewe bado ni nzima na zina miaka mingi ya kufanya kazi mbele yake. Linux inazipokea vizuri. Kinachobaki kuulizwa ni kuhusu gemu, na hapo jibu halitoki kwa Linux bali kwa kampuni iliyotengeneza gemu na kwa duka linaloiuza, kwa sababu kampuni hizo zimechukua misimamo inayotofautiana mno.

Kabla ya kuzilinganisha, ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya, nayo ni gemu kukubali na gemu kuhudumiwa. Gemu inakubali pale inapofunguka na kuchezeka kwenye Linux, hata kama aliyeitengeneza hakuwahi kuifikiria Linux hata siku moja. Gemu inahudumiwa pale kampuni inapotamka kwamba Linux ni sehemu ya wajibu wake, ikatoa toleo au ikalijaribu, na ikapokea malalamiko yako kitu kinapoharibika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua mchezo wa mikakati uliokuwa na alama ya Linux kwenye ukurasa wake, na baada ya muda alama ikaondolewa, masasisho yakakoma, na barua pepe yangu ikajibiwa kwa mstari mmoja ulionielekeza nitumie Windows. Tangu hapo, ninapopima kampuni, siulizi tu kama gemu yake inafunguka leo, bali pia nani atakayewajibika siku itakapokataa kufunguka.

Kwa kipimo hicho Valve, wenye duka la Steam, wako mbele kwa umbali mkubwa, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu anayejua sababu za kampuni anaweza kukisia kama itadumu. Mwaka 2012 mwanzilishi wake, Gabe Newell, ambaye aliwahi kufanya kazi Microsoft kwa miaka 13, alisema hadharani kwamba Windows 8 ilikuwa janga kwa kila aliyemo katika biashara ya kompyuta binafsi. Hofu yake ilikuwa ya riziki. Microsoft ilikuwa inaweka duka lake ndani ya Windows, na Valve ilijikuta katika hali ya mpangaji anayesikia kwamba mwenye nyumba anafungua duka la bidhaa zilezile kwenye baraza moja. Steam ya Linux ilitoka rasmi tarehe 14 Februari 2013, na mwishoni mwa 2015 zikaja Steam Machines, kompyuta za sebuleni zenye mfumo wa SteamOS, ambazo hazikupata soko. Zilishindwa kwa sababu zilitegemea kila mtengenezaji akubali kuandika toleo la Linux la gemu yake, na wengi hawakuona faida ya kufanya hivyo kwa wateja wachache.

Kushindwa huko ndiko kulikoleta Proton, iliyotangazwa Agosti 2018. Gemu ya Windows imezoea kutoa maagizo yake ya picha kwa lugha ya Direct3D, ambayo Linux haiifahamu. Proton husimama katikati kama mkalimani, ikayageuza maagizo hayo papo kwa papo kuwa ya Vulkan, lugha nyingine ya picha ambayo draiva za Linux zinaielewa. Haikujengwa kutoka sifuri. Msingi wake ni Wine, mradi wa programu huria wa kuendesha programu za Windows kwenye mifumo mingine, ulioanza mwaka 1993, pamoja na DXVK, sehemu inayoigeuza Direct3D kuwa Vulkan, kazi ya Philip Rebohle, ambaye Valve ilianza kumlipa ili aiendeleze. Hapa ndipo ninapoona uzito wa kampuni hii: badala ya kujenga kitu cha siri ndani ya ofisi zake, ililipia kazi ambayo watu wa kujitolea walikuwa wakiifanya kwa miaka mingi, na matunda yake yakabaki wazi kwa kila mtu, hata kwa asiyenunua chochote Steam.

Mwezi Februari 2022 kampuni ilianza kuuza Steam Deck, kompyuta ya mkononi inayotumia SteamOS iliyojengwa juu ya Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya Linux. Manufaa yake hayaishii kwa walioinunua. Kwa kuwa chombo hicho ni kompyuta ya Linux kama nyingine, kila gemu inayorekebishwa ili ichezeke humo inakuwa imerekebishwa pia kwa mwanafunzi wa Mwanza au Eldoret mwenye kompyuta ya mtumba. Gemu ya Elden Ring, iliyotoka mwezi huohuo, ni mfano mzuri: wachezaji wa Windows walilalamika kwamba picha zilikuwa zikikwama kwa vipindi, na wahandisi wa Valve wakarekebisha sehemu ya tatizo hilo ndani ya Proton bila kusubiri mtengenezaji. Mwezi Oktoba 2025, takwimu ambazo Steam hukusanya kuhusu kompyuta za wateja wake zilionyesha Linux ikivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Ni sehemu ndogo ya soko, lakini ni kubwa kiasi cha kumfanya mtengenezaji afikirie mara mbili kabla ya kuipuuza.

Hata hivyo Steam ina mambo yanayomgusa mnunuzi wa kwetu kwa namna ambayo walio na intaneti isiyo na kikomo hawaioni. La kwanza ni sheda, yaani programu ndogo zinazoielekeza grafiki namna ya kuchora picha za gemu. Ukisakinisha gemu kwenye Steam ya Linux, mara nyingi kabla haijafunguka utaona kidirisha kidogo chenye mstari unaosogea polepole kikisema kwamba sheda za Vulkan zinachakatwa. Na hata siku ambayo hukugusa gemu hiyo, orodha ya vipakuliwa huonyesha mafaili ya sheda yakiingia tena, wakati mwingine mamia ya megabaiti kwa gemu moja. Mafaili hayo yanasaidia picha zisikwame, lakini yanakula bando la mtu anayepima GB zake kwa wiki. Unaweza kuyazima katika mipangilio ya Steam, kwenye sehemu ya vipakuliwa, na kwa gemu nyepesi hutaona tofauti kubwa. La pili ni bei: kwa Tanzania na Kenya zinaonyeshwa kwa dola za Marekani, kwa hiyo unayumba pamoja na thamani ya shilingi.

La tatu ni zito zaidi, nalo linahusu umri wa mashine. DXVK, tangu toleo lake la 2.0 la Novemba 2022, inahitaji Vulkan 1.3. Kompyuta yenye Intel ya kizazi cha 6 au cha 7 inalimudu sharti hilo bila kadi ya ziada ya grafiki, ingawa usitarajie ibebe gemu kubwa za miaka ya karibuni. Lakini yenye kizazi cha 4 au cha nyuma yake haifiki, na gemu nyingi za Windows zitakataa kupitia Proton mpya hata kama prosesa yenyewe ina nguvu za kutosha. Muuzaji hatakwambia hili. Soma namba ya prosesa kwenye kibandiko au kwenye mipangilio kabla ya kulipa: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-6300U ni cha 6, na kati ya mashine hizo mbili zinazofanana kwa sura mpaka vitufe, moja itakubali gemu ambazo nyingine itazikataa.

GOG, duka lililoanzishwa na kundi la CD Projekt la Poland, linasimama mahali tofauti, na kwa mtu mwenye mashine dhaifu au bando dogo huenda ndilo lenye faida zaidi. Lilianza kuuza matoleo ya Linux Julai 2014, likianzia na gemu 50, na lilitamka mapema kwamba linahudumia Ubuntu na Linux Mint, matoleo mawili ya Linux. Sifa yake kuu ni kwamba gemu zake hazina kufuli la kidijitali. Ukinunua unapewa faili la kusakinishia, ambalo kwa Linux huishia na herufi sh. Unalipakua mara moja, pengine kwenye Wi-Fi ya chuo au ya maktaba, unaliweka kwenye flashi, na ukifika nyumbani unalibofya kitufe cha kulia cha kipanya, unaliruhusu liendeshwe kama programu, na gemu inasakinishwa bila kuulizwa akaunti wala intaneti. Ukibadilisha kompyuta mwaka ujao, faili lilelile linatosha. Gemu nyingi za miaka ya 1990 zinazouzwa humo zimefungashwa pamoja na DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS, kwa hiyo hata ile mashine ya kizazi cha 4 niliyoitaja inazimudu bila shida yoyote.

Pale ambapo GOG imewaangusha wachezaji wa Linux ni kwenye programu yake ya kusimamia gemu, Galaxy. Imetolewa kwa Windows na macOS, wakati kwa Linux wateja wameiomba miaka nenda miaka rudi hata ombi lao likawa miongoni mwa yaliyopigiwa kura nyingi zaidi na wateja wa duka hilo. Bila Galaxy unalazimika kufuatilia masasisho mwenyewe, na gemu za Windows zilizonunuliwa humo hazina Proton ya kuzipokea, isipokuwa utumie Heroic au Lutris, ambazo ni programu huria za watu wasio na uhusiano na duka. Heroic inafanya kazi nzuri, nami naitumia, lakini nalirudia lile nililosema mwanzoni: hapo gemu inakubali, haihudumiwi. Upande wa kurudishiwa fedha GOG ni wakarimu kuliko Steam. Steam inakurudishia ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2. GOG inakupa siku 30 hata kama umeshaicheza. Kwa mtu anayejaribu kama gemu itakubali kwenye mashine ya zamani, tofauti hiyo ni fedha halisi, kwa sababu saa 2 zinaweza kuishia kwenye kuhangaika na mipangilio tu.

Epic Games ndiyo kampuni ngumu zaidi kuihukumu, na sitaki kuionea. Duka lake lilifunguliwa Desemba 2018 na halina programu ya Linux. Gemu yake maarufu, Fortnite, haichezeki kwenye Linux, na mwaka 2022 mkurugenzi wake mkuu, Tim Sweeney, alieleza kwamba hawakuwa na imani kwamba wangeweza kupambana na udanganyifu kwa wingi wake mahali ambapo kila mtu anaweza kuwa na kiini cha mfumo, yaani sehemu ya ndani kabisa inayotawala kompyuta nzima, alichokibadilisha mwenyewe. Kwa upande mwingine, injini yake ya kutengenezea gemu, Unreal, inaiunga mkono Linux. Mwaka 2020 iliwapa Lutris msaada wa dola 25,000. Na Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia udanganyifu ambayo Epic inaimiliki tangu 2018, ilifunguliwa kwa Linux na Proton mwezi Septemba 2021, na hatua hiyo ndiyo iliyowezesha gemu nyingi za mtandaoni za kampuni nyingine kuchezeka. Kampuni iliyowapa wenzake ufunguo ikabaki imefunga mlango wake.

Kuna tukio moja linaloonyesha hatari ya kuitegemea kampuni isiyo na ahadi ya kudumu. Rocket League, mpira unaochezwa kwa magari, ilikuwa na toleo la Linux tangu Septemba 2016. Mwaka 2019 Epic ilitangaza kuinunua Psyonix, kampuni iliyoitengeneza, na Januari 2020 ikatangazwa kwamba matoleo ya Linux na macOS yangeondolewa. Machi mwaka huohuo yakapoteza mchezo wa mtandaoni, ambao ndio roho ya gemu hiyo. Sababu iliyotolewa ni kwamba wachezaji wa mifumo hiyo miwili kwa pamoja walikuwa chini ya asilimia 0.3 ya wote. Wanunuzi walirudishiwa fedha, na hilo lilikuwa jambo la haki. Kilichonifunza zaidi ni kilichofuata, yaani walewale waliopoteza toleo la Linux waliendelea kucheza kwa kuchukua toleo la Windows na kulipitisha kwenye Proton. Ahadi ya mtengenezaji ilivunjika, mkalimani akabaki kazini.

Hapa tunafika kwenye kundi ambalo Proton haiwezi kulifanyia lolote, na kwa wachezaji wetu wengi ndilo linaloamua kila kitu. Gemu za ushindani mtandaoni hulindwa na programu za kuzuia udanganyifu, na baadhi ya programu hizo hukaa katika kiini cha Windows, mahali ambapo zinaweza kuona kila kinachoendelea kwenye kompyuta tangu inapowashwa. Proton haina kiini cha Windows cha kuzipa. Zipo mbili zinazotumiwa na kampuni nyingi ambazo zimeweka njia ya kupita, nazo ni Easy Anti-Cheat na BattlEye. Zote mbili tangu 2021 zinaweza kuruhusu Proton, lakini kwa sharti kwamba mwenye gemu aamue mwenyewe kuiruhusu. Kwa hiyo gemu yako inapokataa, mara nyingi kikwazo ni uamuzi wa mtu mezani.

Tazama jinsi maamuzi hayo yanavyotofautiana kwa programu ileile. DayZ inatumia BattlEye, na Proton imeruhusiwa. Grand Theft Auto V iliwekewa BattlEye Septemba 2024 upande wa GTA Online, na Rockstar haikuiruhusu Proton; watu waliokuwa wakicheza mtandaoni na marafiki zao kwa miaka wakafungiwa nje siku hiyohiyo, wakabaki na hadithi ya mchezaji mmoja tu. Rainbow Six Siege ya Ubisoft nayo ina BattlEye na mlango wake umefungwa. Apex Legends inatumia Easy Anti-Cheat, na mwaka 2022 ilifunguliwa kwa Linux hata ikapata alama ya kuthibitishwa kwa Steam Deck, lakini tarehe 31 Oktoba 2024 ikafungwa, kwa maelezo kwamba Linux imekuwa njia ya walaghai. Bungie, wenye Destiny 2, walifika mbali zaidi walipotahadharisha mwaka 2022 kwamba anayejaribu kukwepa kizuizi chao anaweza kupigwa marufuku. Sichukulii malalamiko yao kuhusu walaghai kuwa kisingizio kitupu. Mtu anayeweza kubadilisha kiini cha mfumo wake anaweza kweli kuficha programu ya udanganyifu ndani yake. Lakini walaghai wapo tele kwenye Windows pia, ambako programu hizohizo zimepewa kila ruhusa ziliyoomba, na Valve yenyewe imeendelea kutoa Counter-Strike 2 na Dota 2 kwa toleo rasmi la Linux.

Kampuni nyingine hazikuacha hata nafasi ya kuamua upya kwa urahisi, kwa sababu zimejenga ulinzi wao wenyewe. Riot ina Vanguard, iliyokuja na Valorant mwaka 2020 na kuingizwa kwenye League of Legends mwaka 2024. Kabla ya hapo League ilikuwa ikichezeka kupitia Wine bila idhini rasmi, na tangu hapo haichezeki. Call of Duty ina Ricochet. EA nayo ina ulinzi wake, na hapa ndipo ninapowahurumia wapenzi wa kandanda, ambao mitaani kwetu ni wengi kuliko wa gemu nyingine yoyote: ulinzi huo uliingizwa katika FIFA 23 na kuendelea katika mfululizo wa EA Sports FC, na kwa kuwa hukaguliwa gemu inapowashwa, hata anayetaka kuendesha timu yake peke yake bila mtandao anakutana na mlango uliofungwa. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 iliongeza sharti la Secure Boot, kinga inayokagua mfumo kompyuta inapowashwa, juu ya ulinzi huo, na haichezeki kwenye Linux. Kama maisha yako ya gemu ni FC pamoja na jirani kila Jumamosi, nakushauri kwa moyo wote usiifute Windows, au ubaki na konsoli, yaani mashine maalumu ya gemu.

Upande wa pili wapo watengenezaji wanaoandika toleo la Linux wenyewe, na wana historia ndefu kuliko Steam. Kampuni ya Loki Software ilianza mwaka 1998 kuhamishia gemu za Windows kwenye Linux, na ingawa ilifungwa mapema mwaka 2002, ilituachia SDL, maktaba ya programu iliyoandikwa na Sam Lantinga, ambayo mpaka leo imo ndani ya gemu nyingi sana na ambayo mwandishi wake baadaye aliajiriwa na Valve. Siku hizi Paradox ya Sweden ni miongoni mwa zinazotegemeka: Stellaris ya 2016 na Crusader Kings III ya 2020 zilitoka na toleo la Linux tangu mwanzo. Minecraft ya Java inakubali vizuri na ina faili rasmi la kusakinishia kwenye Debian na Ubuntu, ingawa mwenye mali ni Microsoft. Ila ya Bedrock haina toleo la Linux, kwa hiyo hakikisha wenzako wanacheza ipi kabla hujajiunga nao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Factorio, ya Wube wa Ucheki. Katika gemu hiyo unajenga kiwanda kinachoendelea kukua, na kila dakika kadhaa gemu hujihifadhi yenyewe. Kiwanda kikishakuwa kikubwa, kwenye Windows kila kitu husimama kwa sekunde kadhaa kusubiri faili liandikwe. Kwenye Linux unaweza kuwasha mpangilio unaoufanya mfumo utengeneze nakala ya gemu kwenye kumbukumbu, nakala ikaandikwa pembeni, nawe ukaendelea kutandika reli bila kukatizwa. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya uwezo ambao Linux na macOS zinao tangu asili yao, na waliotengeneza gemu walijali kiasi cha kuutumia.

Lakini alama ya Linux peke yake isikupumbaze. Matoleo kadhaa ya miaka ya 2013 hadi 2017 yalihamishwa na kampuni za pembeni kwa mkataba, mkataba ukaisha, na toleo la Linux likabaki nyuma wakati la Windows likiendelea kusasishwa, hata ikafika mahali ambapo ni afadhali kulazimisha Proton kuliko kutumia toleo lenye alama. Feral Interactive ya Uingereza ilifanya kazi ya heshima kwenye Shadow of Mordor na Tomb Raider, na matoleo yao mengi bado ni mazuri, ila hata hayo yanafaa kulinganishwa na Proton kwenye mashine yako. Baldur's Gate 3 inafunza kitu kingine: Septemba 2025 Larian ilitoa toleo la Linux lililoandikwa kwa ajili ya Steam Deck, likaongeza kasi, huku kampuni ikieleza wazi kwamba inahudumia Deck na si kompyuta nyingine za Linux. Kauli ya namna hiyo naiheshimu, kwa sababu mnunuzi anajua tangu mwanzo ahadi inaishia wapi.

Basi kwa anayechagua leo, ushauri wangu unategemea unachocheza zaidi ya unachomiliki. Kama unapenda gemu za hadithi, za mikakati au za ujenzi, za mchezaji mmoja au za marafiki wachache, hamia Linux bila wasiwasi. Nunua Steam ikiwa mashine yako inafika Vulkan 1.3 na unataka gemu ifunguke bila kuhangaika, na nunua GOG ikiwa intaneti yako ni ya kubahatisha, mashine ni ya zamani, au unataka faili linalobaki mkononi mwako. Gemu ikiwa ipo kwenye maduka yote mawili na ina toleo la Linux, mimi huichukua GOG. Ikiwa ni ya Windows tu, naichukua Steam, kwa sababu huko kuna kampuni inayolipa watu kuirekebisha Proton itakapokwama. Gemu ndogo za watengenezaji chipukizi zitafute itch.io, ambako programu ya duka lenyewe ina toleo la Linux. Epic naiacha kwa zile gemu za bure za kila wiki, nikizifungua kwa Heroic bila kuweka fedha yangu. Na kama Valorant, Fortnite, Call of Duty au EA Sports FC ndizo zinazokufanya uwashe kompyuta, bakiza Windows kwenye sehemu ya diski na uitumie Linux kwa mengine.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la gemu kwenye ProtonDB, ambako wachezaji huandika walichokutana nacho, na usome maoni ya miezi ya karibuni tu, hasa ya wenye grafiki ya Intel kama yako, kwa kuwa maoni ya mwenye kadi kubwa ya AMD hayatakusaidia. Kwa gemu ya mtandaoni angalia pia kama ulinzi wake unaruhusu Proton. Na ikiwa gemu uliyoinunua Steam tayari imo kwenye kompyuta ya Windows nyumbani, usiipakue upya kwa bando, wala usijaribu kuiendesha Proton kutoka kwenye diski ya NTFS ya Windows, kwani huleta hitilafu zisizoeleweka. Tangu 2023 Steam ina uwezo wa kuhamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja: washa Steam kwenye mashine zote mbili kwa akaunti yako, ruhusu uhamishaji katika mipangilio ya vipakuliwa, kisha bonyeza kusakinisha kwenye ile ya Linux, na GB 40 zitavuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine huku bando likiguswa na mafaili madogo tu ya mwisho.